Mashine ya Boti Ikizima: Tupime Kwanza, Tununue Baadaye

Somo la leo ni la vikundi vyenye boti ya mashine, hasa wenzetu wa visiwa vya Lamu na wa pwani yote kwa jumla. Kama kikundi chenu hakina boti, someni tu, kwa sababu mambo haya yanahusu pia pesa za kikundi na jina la mtu.

Kikundi kimoja tunachokitembelea kilichanga kikanunua boti ya faiba na mashine mpya, zile ambazo petroli haichanganywi na oili, na ndani yake mna kompyuta. Boti ilibeba abiria na samaki, na usiku ilikuwa ndiyo gari la wagonjwa. Siku moja wakati wa kusi walikuwa na mama mja mzito ndani. Katikati ya mkondo, mawimbi yakipiga, mashine ikazima. Ikawaka, ikazima tena. Waliokolewa na wavuvi waliokuwa wakirudi na mashua yao. Mama alijifungua salama, lakini tangu siku hiyo watu waliiogopa boti.

Kijana fundi wa kikundi alisema, "Kompyuta imekufa." Wanachama wakatoa akiba ya miezi mingi wakanunua kompyuta iliyotumika. Ikafungwa, ikaenda vizuri siku mbili. Siku ya tatu mashine ikazima vilevile. Hapo maneno yakaanza. Ati kijana amenunua takataka na salio amekula. Mkutanoni alisimamishwa mbele ya mama yake akaulizwa pesa ziko wapi.

Sisi tuliitwa kupatanisha. Hatukujua mengi kuhusu mashine, kwa hiyo tuliuliza swali la mtu asiyejua. Tulimgeukia nahodha: "Mzee, siku ile ilizimaje?" Akajibu, "Ilizima mara moja kama taa ya stima. Na vipimo vyote pale mbele vikalala pamoja nayo." Tukamuuliza mbona hakusema. Akasema, "Hakuna aliyeniuliza."

Fundi mzee kutoka bandari nyingine aliposikia maneno hayo alitoa mita yake. Kwenye betri akapata volti 12.6, sawasawa. Akafungua swichi, akapima upande wa pili wa fyuzi inayolisha kompyuta, akapata volti 9 tu. Akautikisa waya, mita ikaonyesha sifuri. Fyuzi yenyewe ilikuwa nzima, na kila aliyeiangalia alikuwa ameridhika. Kumbe pale inapokalia palikuwa pameota kutu ya kijani kwa sababu ya maji ya chumvi. Kompyuta ya kwanza haikuwa na neno, na ya pili ilikuwa inanyimwa umeme vilevile. Kishikio kipya na kipande cha waya vililipwa kutoka mfukoni mwa mweka hazina, hata kitabu hakikufunguliwa.

Kijana hakuwa mwizi. Kosa lake lilikuwa kukisia mahali pa kupima. Wanachama walimwomba radhi mbele ya mkutano, kwa kuwa mbele ya mkutano ndipo walipomwaibisha. Ndipo wakatuomba tuandike somo hili, tukisaidiwa na fundi yule mzee.

KOMPYUTA YA INJINI NI KITU GANI?

Ni kisanduku kidogo kilichofungwa kwa gundi ngumu ili maji yasiingie. Kazi yake ni kupokea habari na kutoa amri. Habari huletwa na sensa, yaani vihisi: kimoja huhisi mzunguko wa injini, kingine kiasi cha hewa, kingine joto, kingine mahali kaba ya mafuta ilipofunguka. Kompyuta ikishasoma hayo huamuru injekta zimwage petroli kiasi gani, na koili zipeleke moto kwenye plagi saa ngapi.

Ni kama mwenyekiti wa kikundi. Akiletewa habari ya uongo ataamua vibaya, na akinyimwa chakula atalala. Je, mtamfukuza mwenyekiti kabla ya kujua kama alikula na kama aliambiwa ukweli? Mafundi wenye uzoefu wanasema kompyuta yenyewe hufa mara chache. Kinachosumbua mara nyingi ni betri, waya, soketi na sensa, na hivyo ni rahisi zaidi kununua kuliko kompyuta.

HATUA ZA KUTAFUTA UGONJWA

Hatua ya 1: Watu kwanza. Mkiwa baharini, shusheni nanga kabla ya kufungua kifuniko cha mashine, boti isipelekwe miambani. Kila mtu avae jaketi la kuokoa. Vipimo vya taratibu vifanyeni ufuoni, boti imefungwa, gia iko katikati, na hakuna harufu ya petroli. Mikono iwe mbali na gurudumu la juu na panga. Msiwashe mashine nje ya maji bila mpira wa kuletea maji, pampu yake itaungua.

Hatua ya 2: Ulizeni aliyekuwapo. Je, ilizima ghafla au ilikohoa kwanza? Ikizima ghafla na vipimo vyote vikalala, shuku umeme. Ikikohoa na kupungua nguvu pole pole, anza na petroli: tundu la hewa la tangi, chujio, maji ndani ya mafuta. Je, huzima wakati wa mawimbi tu? Huenda waya umelegea. Huzima ikishapata moto? Huenda ni koili au sensa. Andikeni majibu.

Hatua ya 3: Angalieni vitu vya bure. Kamba nyekundu ya nahodha imekaa kwenye swichi yake ya dharura? Gia iko katikati? Maji ya kupoza yanatoka nyuma kama kawaida? Hili la mwisho ni muhimu sana. Mashine nyingi za kompyuta zikipata joto kupita kiasi au zikipungukiwa oili, hupiga king'ora na kujishusha mwendo zenyewe. Watu husema kompyuta imeharibika, kumbe ndiyo inawaokolea injini.

Hatua ya 4: Pimeni betri mara tatu. Mita iwekwe kwenye volti za betri, yaani DC.

Mara ya kwanza, mashine ikiwa imelala saa kadhaa. Betri iliyojaa huonyesha kama volti 12.6. Ikiwa 12.2 imebaki nusu hivi. Ikifika 12 au chini, ichajiwe kabla ya kuendelea, maana vipimo vingine vyote vitawadanganya.

Mara ya pili, wakati stata inazungusha injini. Volti zitashuka, hiyo ni kawaida, lakini zikianguka chini ya 9.5 betri ni dhaifu au nyaya nene zina kasoro. Kompyuta ikikosa volti za kutosha hushindwa kufanya kazi, hata kama stata bado inazunguka.

Mara ya tatu, injini ikiwa inanguruma na mwendo umeongezwa kidogo. Mtarajie kati ya 13.5 na 14.8. Ikibaki 12, mashine haichaji. Ikipita 15, kidhibiti cha chaji kimeharibika. Zimeni mara moja, kwa kuwa umeme wa kiasi hicho unaweza kuua kompyuta kweli.

Hatua ya 5: Fuateni umeme njiani. Hapa ndipo wengi wetu tunapokosea. Waya mbovu unaweza kuonyesha volti 12 ukiwa haufanyi kazi, na ukipewa mzigo unashindwa. Kwa hiyo pimeni wakati kitu kinatumia umeme. Wekeni ncha moja ya mita kwenye kichwa cha hasi cha betri chenyewe, nyingine kwenye chuma safi cha injini, halafu mmoja azungushe stata. Mita isipite nusu volti. Ikipita, waya wa athi una kutu au umelegea. Fanyeni vivyo hivyo upande wa chanya, kutoka betri hadi stata.

Kwa fyuzi, msitosheke kwa macho. Fungueni swichi, mpime pande zote mbili za fyuzi na mpaka ndani ya kishikio. Namba ziwe karibu sawa na za betri. Halafu tikiseni nyaya moja moja mkiangalia mita. Kama hamna mita, globu ya breki ya gari yenye nyaya mbili inasaidia: ikiwaka hafifu mahali ambapo ingewaka sana, mmekaribia ugonjwa. Lakini globu iishie kwenye betri, fyuzi na nyaya nene. Msiiguse kwenye soketi za kompyuta wala za sensa, inavuta umeme mwingi kuliko zinavyoweza kubeba.

Hatua ya 6: Someni namba ya kosa. Mashine nyingi huhifadhi makosa kama namba. Nyingine huonyesha kwenye kioo mbele ya nahodha, nyingine kwa taa inayopepesa: mara mbili, ikanyamaza, mara tatu, basi ni 23. Nyingine hutaka waya maalum wa kompyuta ya fundi. Kila kampuni ina orodha yake, kwa hiyo tumieni kitabu cha mashine yenu wala si cha jirani. Na namba haisemi kifaa gani kimekufa. Inasema tu malalamiko yanatoka njia gani. Namba ya sensa ya joto inaweza kuwa ni sensa, au waya wake, au soketi iliyoingia maji.

Zikitokea namba nyingi kwa pamoja, msinunue sensa nyingi. Sensa kadhaa hugawana umeme mdogo wa volti 5 kutoka kwa kompyuta, na moja ikiungana vibaya huwavuta wenzake wote chini. Zimeni swichi, chomoeni sensa moja, fungueni tena mpime zile volti 5. Zisiporudi, zimeni, mwendelee na sensa inayofuata. Zikirudi, mmempata mhalifu.

Hatua ya 7: Badilishaneni kabla ya kununua. Silinda moja isipowaka, na koili zinafanana, hamisheni koili yake kwenye silinda nyingine. Shida ikihama na koili, koili ni mbovu. Shida ikibaki palepale, angalieni plagi, waya au injekta. Kipimo hiki hakina gharama yoyote.

Hatua ya 8: Kompyuta iwe ya mwisho. Kabla ya kuihukumu, muwe na uhakika wa mambo matatu: inapata umeme kamili na athi safi, sensa zote zinaileta habari sahihi, na hata hivyo haitoi amri. Mkikosa hata moja kati ya hayo, msifungue akiba. Na namba ya kompyuta mpya ilingane na ya mashine yenu. Zinazofanana kwa umbo si lazima zifanane kwa kazi.

TUSIFANYE HAYA

Tusiweke fyuzi kubwa kuliko namba iliyoandikwa, wala karatasi ya sigara au waya. Fyuzi ikiungua mara kwa mara inatuambia kitu.

Tusichomoe betri injini ikinguruma. Tusigeuze chanya na hasi. Tusiwashe kwa betri mbili za lori zilizounganishwa kuwa volti 24.

Tusichome vyuma vya boti kwa umeme kabla ya kuondoa nyaya za betri.

Tusitoboe ngozi ya waya kwa sindano tukipima. Tundu lile dogo ndilo mlango wa maji ya chumvi, na baada ya miezi michache waya unaoza kwa ndani huku nje unaonekana mpya.

Na kwa kinga: mkitoka baharini osheni mashine kwa maji matamu, lakini msipige soketi kwa maji ya nguvu. Kila mwezi kazeni vichwa vya betri. Soketi zikaushwe na kupakwa grisi yake maalum ya umeme. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

KITABU CHA MASHINE

Kikundi kile sasa kina daftari ndani ya mfuko wa plastiki, chini ya kiti cha nahodha. Huandikwa tarehe, saa za kazi, kilichotokea, kilichopimwa na namba iliyopatikana. Tena wamekubaliana kwamba hakuna kifaa cha umeme kitakachonunuliwa mpaka fundi asome vipimo vyake mbele ya kamati. Sheria hii inalinda pesa za wanachama, na pia inamlinda fundi, kwa sababu mwenye namba kwenye daftari hawezi kusingiziwa kwa urahisi. Kijana yule bado ndiye fundi wao, na mita ya kikundi anaitunza yeye.

MASWALI YA KUJADILIANA KIKUNDINI

1. Mara ya mwisho tuliponunua kifaa, nani alipima, na alipata namba gani?

2. Mashine yetu ikizima leo usiku na mgonjwa ndani, je, nanga, majaketi, makasia na simu yenye chaji vipo?

3. Kati yetu, nani anayeiona mashine kila siku lakini hatujawahi kumuuliza?

4. Je, kuna mtu tuliyemshuku bila ushahidi? Tutamrudishiaje heshima yake?

Kikundi kikishajibu swali la kwanza na kuona hakuna namba yoyote, basi kianze na kununua mita. Tunawatakia safari njema.