Sheria Hutanguliwa Namna Gani?



Baadhi yenu mnaojitayarisha kwa ndoa huuliza: Je, mke aweza kununua kiwanja pasipo barua ya mumewe? Ili kujibu, yafaa tujue kwanza sheria huondoka namna gani.

Tarehe 1 Agosti 1987 nchi yetu, iliyoitwa Zaire siku zile, ilipata Sheria ya Jamaa. Kifungu cha 448 na vingine vilivyokifuata vilimtaka mke apate ruhusa ya mumewe kabla ya kujifunga kwa mapatano, kununua au kuuza mali, au kudai haki yake mbele ya hakimu, isipokuwa katika mambo machache. Tuseme mama wa Isangi alilima mpunga, akauza, akapata fedha za kununua kiwanja Kisangani. Mumewe asipotaka kutia sahihi, fedha zililala sandukuni, ijapokuwa jasho lilikuwa la mama.

Kwa nini amri hiyo ilitanguliwa? Kwa sababu sheria nazo zina mkubwa wao. Katiba ya tarehe 18 Februari 2006 yasema ya kuwa wananchi wote ni sawa mbele ya sheria, tena yaiagiza Serikali (Leta, kama tusemavyo nyumbani) iondoe ubaguzi juu ya wanawake. Wazee wengine hudai kwamba ile ruhusa ilikuwa desturi ya mababu tu. Lakini amri ya namna hiyo ilikuwamo katika sheria ya Wabelgiji, nao wenyewe waliiondoa kwao mwaka 1958!

Hata hivyo, kifungu cha 448 hakikufutika siku ile Katiba ilipotoka. Kilikaa kitabuni miaka kumi zaidi. Sheria haiondoki kwa kuchakaa, wala kwa neno la shefu, wala kwa mahubiri ya katekista. Mahakama ya Katiba yaweza kuibatilisha. La sivyo, huondolewa kwa sheria nyingine, iliyopita njia ile ile. Ndivyo ilivyokuwa: Baraza la Taifa na Seneti walipiga kura, na Rais akatia sahihi sheria namba 16/008 tarehe 15 Julai 2016. Mume ameachwa kuwa kichwa cha nyumba. Lakini sasa kifungu cha 448 chataka mume na mke wapatane. Basi mume naye hana budi kupatana na mkewe.

Katiba, kifungu cha 142, yaamuru kila sheria itangazwe kwa Kifaransa na kwa lugha nne za taifa, Kiswahili kimojawapo, katika siku 60 tangu kutiwa sahihi. Nani kati yenu aliyeisikia hii kwa Kiswahili sokoni? Mama akidaiwa barua ya ruhusa ofisini, aulize kwa heshima: kwa kifungu gani? Akijibiwa 448, aombe asomewe kama kilivyo tangu 2016.

Maswali ya kujibu
1. Nani wana mamlaka ya kutangua sheria?
2. Kifungu cha 448 chamdai mume nini leo?