Sheria ya Nchi na Sigara Moja

Mwezi huu twataka kujifunza pamoja juu ya tumbaku, na juu ya sheria zilizowekwa na serikali za nchi zisizo na mali nyingi ili kuizuia. Pengine mtu atasema, "Sheria ni kazi ya wakubwa, mimi yanihusu nini?" Mtu huyo na asome mpaka mwisho. Ataona ya kuwa shauri hili lilianzia mbali, walakini laishia katika duka dogo lililo karibu na mlango wake.

1. Tumbaku yafanya nini?

Wazee wetu waliijua tumbaku tangu zamani, wengine kwa kiko, wengine kwa ugoro, wala haikuwa salama hata hapo. Lakini sigara ya kiwandani imeeneza madhara kuliko hizo zote. Yachukulika kwa urahisi, moshi wake huvutwa mpaka ndani ya mapafu, na dawa iliyomo, iitwayo nikotini, humfunga mtu upesi. Mwaka 1950 waganga wawili wa Uingereza, Richard Doll na Austin Bradford Hill, walitangaza matokeo ya kuwauliza wagonjwa wengi wa hospitali. Waliona ya kuwa saratani ya mapafu imefungamana na uvutaji wa sigara. Tangu siku zile ushahidi umezidi, si juu ya mapafu tu, bali juu ya moyo na kiharusi pia.

Leo Shirika la Afya Duniani lahesabu ya kuwa tumbaku yaua watu zaidi ya milioni 7 kila mwaka. Katika hao, zaidi ya milioni moja hawakuvuta wenyewe. Walivuta hewa ya moshi wa wenzao. Tena, katika kila watumiaji 10 wa tumbaku ulimwenguni, 8 hivi wakaa katika nchi zenye mapato madogo au ya kadiri. Basi mzigo huu umelala juu ya wale wasio na fedha nyingi za matibabu.

2. Mataifa yalipatana nini?

Tarehe 21 Mei 2003, huko Geneva, mataifa yalikubali mkataba wa kuzuia tumbaku, nao ulianza kutumika tarehe 27 Februari 2005. Kenya iliingia mwaka 2004, Tanzania na Uganda mwaka 2007. Leo nchi zaidi ya 180 zimo.

Mambo makubwa ya mkataba huo ni haya: ushuru wa tumbaku upandishwe, watu wasivute ndani ya nyumba za kazi na mahali pa watu wote, matangazo ya biashara yakomeshwe, pakiti iandikwe onyo kubwa, watoto wasiuziwe, na mkulima wa tumbaku asaidiwe kupata kazi nyingine ya shamba.

Katika hayo yote, ushuru ndio wenye nguvu kuliko mengine. Bei ikipanda kwa sehemu 10 katika 100, uvutaji hupungua kwa sehemu 5 hivi katika nchi zetu. Wako wasemao, "Ushuru wamwumiza maskini." Neno hili lina sura ya huruma, lakini tulipime. Bei ikipanda, maskini na kijana ndio wa kwanza kuacha, nao ndio wapatao faida ya kuacha. Anayevuta sigara 3 kila siku huvuta zaidi ya 1,000 kwa mwaka. Na ahesabu mwenyewe fedha yake, aone ingaliweza kununua nini nyumbani.

3. Kwa nini twasema "sigara moja"?

Pakiti nzima ni ghali kwa mtoto wa shule, lakini sigara moja si ghali. Kwa njia ya sigara moja ushuru hupoteza ukali wake, kwa maana mnunuzi hasikii uzito wa bei. Onyo nalo hupotea, kwa maana picha iko juu ya pakiti, na pakiti imebaki kwa mwenye duka. Ndiyo sababu mkataba, katika kifungu cha 16, wazitaka nchi zijitahidi kukataza kuuza sigara moja moja. Sheria ya Kenya ya mwaka 2007 yaagiza sigara ziuzwe katika pakiti isiyopungua sigara 10. Walakini ni nani kati yetu asiyejua duka lenye pakiti iliyofunguliwa, na kiberiti kando yake?

4. Wenye biashara walifanyaje?

Hawakunyamaza. Serikali ya Kenya ilipotoa kanuni za mwaka 2014, kampuni ya British American Tobacco ilikwenda mahakamani kuzipinga. Ilishindwa, ikakata rufaa, ikashindwa tena, hata Mahakama ya Juu ikaitupa rufani yake mwezi wa Novemba 2019. Uganda nayo ilitunga sheria mwaka 2015: asiuziwe mtu aliye chini ya miaka 21, na picha za onyo zifunike sehemu 65 katika 100 za pakiti. Huko pia kampuni ilishtaki, na mwezi wa Mei 2019 Mahakama ya Katiba ikaikataa kesi hiyo.

Twajifunza nini? Kwamba nchi isiyo tajiri yaweza kusimama mbele ya kampuni kubwa na kushinda. Lakini tazameni miaka iliyopita katika kungoja! Kila mwaka wa kungoja ni mwaka wa vijana wengine kuanza kuvuta.

5. Na mkulima je?

Tusimsahau ndugu yetu alimaye tumbaku, wala tusimhukumu upesi. Mara nyingi hupewa mbegu na mbolea kwa mkopo, na deni hukatwa siku ya kuuza. Majani mabichi yaliyolowa humtia nikotini kwa ngozi hata augue kichefuchefu na kizunguzungu. Kuni za kukausha majani hula miti ya nchi, na watoto huitwa shambani wakati wa masomo. Kumwambia "Acha" bila kumwonyesha njia si msaada. Katika Kaunti ya Migori nchini Kenya, tangu mwaka 2022, mashirika ya Umoja wa Mataifa pamoja na serikali yamewasaidia wakulima kupanda maharagwe yenye madini mengi ya chuma badala ya tumbaku, na kuwatafutia soko. Huo ndio msaada wenye mikono.

6. Sisi wenyewe

Sasa twafika kwetu. Bunge limetunga, mahakama zimeamua. Lakini hakuna askari awezaye kusimama mbele ya kila duka. Hapa pana sehemu yetu, nasi twakiri ya kuwa tumekosa. Mara ngapi tumemtuma mtoto wa miaka minane, "Nenda ukaniletee sigara moja," naye akaja mbio, akifurahi kututii? Siku ile hatukumfundisha utii tu. Tulimfundisha njia ya kwenda dukani, na bei, na namna ya kuwasha. Mara ngapi penye matanga tumevuta karibu na mama mwenye mtoto mgongoni?

Basi tuanze na madogo. Mtoto asitumwe tena. Moshi usiingie nyumbani wala penye mkutano. Mwenye duka aliye jirani yetu aambiwe sheria kwa upole, si kwa matusi, kwa maana naye ana watoto. Na yule aliyefungwa na nikotini asichekwe. Aendewe, atiwe moyo, na akianguka asaidiwe kuanza tena.

Maswali ya kuzungumza pamoja:

1. Kwa nini kuuza sigara moja moja kwapunguza nguvu za ushuru na za onyo?
2. Katika kijiji chetu, mtoto hujifunzia wapi kuvuta?
3. Tutamwambiaje mwenye duka hata asikie bila kukasirika?
4. Mkulima wa tumbaku akituuliza, "Nipande nini?" tutamjibu nini?