Weusi wa Rangi: Kulinganisha na Kupaka Sehemu za Pikipiki Nyumbani

Mwenye pikipiki nyeusi iliyochubuka madigadi hudhani kwamba kazi yake ni nyepesi kuliko ya mwenye pikipiki nyekundu au ya buluu. Nyeusi ni nyeusi, husema, akanunua kopo la kwanza aliloliona dukani. Baada ya madigadi kukauka na kufungwa mahali pake, hugundua kwamba sasa ana aina mbili za weusi: wa tangi una kina kama maji ya kisima, na wa madigadi unaelekea kijivu. Makala haya yanaeleza sababu ya tofauti hiyo na namna ya kuiepuka.

Weusi hutoka wapi?

Kiini cha rangi nyingi nyeusi ni kaboni, yaani masizi laini mno yanayotengenezwa viwandani kwa kuunguza mafuta mazito penye hewa haba. Chembe zake hunyonya karibu mwanga wote unaozifikia. Chembe hizo hushikwa na resini, ambayo ndiyo inayoganda juu ya chuma na kufanya utando.

Mwanga unapougonga utando huo, yapata sehemu 4 katika 100 hurudishwa na uso wa resini kabla ya kuzifikia chembe nyeusi. Uso ukiwa laini kama kioo, mwanga huo hurudi upande mmoja tu, na atazamaye kutoka pande nyingine huona weusi mtupu. Uso ukiwa na mikwaruzo, mwanga uleule hutawanyika kila upande, na jicho, popote lilipo, hupata sehemu yake. Hapo weusi huonekana kijivu.

Msomaji aweza kulithibitisha jambo hili mwenyewe. Chukua kipande cha bati chenye rangi nyeusi ya kung'aa iliyokauka barabara, usugue nusu yake kwa msasa namba 600. Nusu hiyo itakuwa kijivu. Imwagie maji: weusi utarudi. Maji yakikauka, kijivu kitaonekana tena. Rangi haikuongezwa wala kupunguzwa; maji yalijaza mikwaruzo tu.

Jaribio hilo lina faida ya fedha. Mwagia maji sehemu iliyopauka kwa jua. Ikiwa weusi unarudi, na utando haujabanduka wala hauna kutu, huenda polishi ikatosha na rangi mpya isihitajiwe.

Kulinganisha

Kwa hiyo jambo la kwanza kuuliza dukani ni kiasi cha mng'ao: rangi ya kung'aa, ya nusu mng'ao, au isiyong'aa. Pikipiki moja aghalabu huwa na zaidi ya aina moja. Jambo la pili ni mwelekeo wa weusi wenyewe, kwani baadhi huelekea buluu, baadhi kahawia, na baadhi huwa na chembe za kumetameta.

Puliza rangi mpya kwenye kipande cha bati kilichopakwa praima, uache ikauke kabisa, maana rangi mbichi hung'aa kupita kiasi. Kisha kiweke kando ya sehemu ya zamani iliyooshwa, ukitazame mchana, kivulini na juani, kwa pembe mbalimbali. Mwanga wa taa usiku hudanganya.

Kuandaa na kupuliza

Kutu huchukua nafasi zaidi ya mara mbili ya ile ya chuma kilicholiwa. Ikiachwa chini ya rangi huendelea kutanuka na kuubandua utando, hasa Mwambao ambako hewa ina chumvi. Osha kwanza kwa sabuni na kuondoa grisi yote, ndipo usugue. Ukitanguliza msasa, utaisukumiza grisi ndani ya mikwaruzo. Ondoa kutu kwa msasa wa namba 80 hadi 120, kisha lainisha kwa namba 240 na 400. Futa vumbi, paka praima, na ikikauka isugue kidogo kwa namba 600.

Shika kopo umbali wa sentimita 20 hadi 30, upulize tabaka tatu au nne nyembamba, ukingoja kati yake muda ulioandikwa kwenye kopo. Tabaka nene huganda juu kabla ya tina iliyo chini kutoka, ndipo mikunjo hutokea.

Epuka alfajiri na siku za mvua. Tina inapogeuka mvuke hupoza uso wa rangi. Hewa ikiwa na unyevu mwingi, umande hutua juu yake na kuacha ukungu mweupe, ambao juu ya rangi nyeusi haufichiki. Chagua saa ambayo umande umekwisha, kivulini, chuma kisiwe cha moto.

Tahadhari

Fanya kazi mahali penye hewa, mbali na moto na watoto. Kitambaa puani huzuia sehemu ya vumbi. Hakizuii mvuke wa tina. Rangi za magari zinazochanganywa na kimiminika cha kugandisha chenye isosayaneti zisipulizwe nyumbani kamwe, kwani zaweza kusababisha pumu ya kudumu. Tangi la petroli lisiguswe kwa msasa wa mashine, hata likiwa tupu: mvuke uliobaki hulipuka. Bomba la moshi huhitaji rangi maalumu ya kustahimili joto. Diski za breki na nyuzi za boliti zisipakwe kabisa.

Mwisho, chunguza chuma kabla ya kukipaka. Palipo na ufa, kama vile kwenye maungio ya keria au stendi, au pale ambapo kutu imekila chuma kikawa chembamba, apelekewe kwanza fundi wa kuchomelea. Rangi huzuia kutu isianze. Haiongezi nguvu ya chuma kilichokwisha kuliwa. Ufa uliofunikwa kwa weusi mzuri haumwonyi mpandaji mpaka siku keria inapokatika barabarani.