Bustani ya Debeni na Wageni Wake

Na mwanafunzi wa Kidato cha Tatu

Katika toleo hili nimeonelea nisiandike hadithi wala shairi, bali niwaletee somo. Somo lenyewe ni Bayolojia kidogo na Kiswahili kidogo, nalo lahusu nyuki, vipepeo na wadudu wengine wanaoyatembelea maua.

Najua baadhi yenu mshaanza kucheka. "Kisiwani Mombasa sisi tuna bustani gani?" Ni kweli nyumba zimebanana, na vichochoro vya Mji wa Kale mikokoteni miwili haipishani. Lakini hebu inua macho utazame juu. Kila roshani ina debe, mkebe wa rangi au ndoo iliyokatika mkono, na ndani yake pameota kitu. Nataka kuwaonyesha kwamba madebe hayo yatosha kuwasaidia wadudu hawa, na kwamba wasipokuja, hasara ni yetu.

UCHAVUSHAJI NI NINI?

Ndani ya ua mna unga laini, mara nyingi wa manjano, uitwao chavua. Unga huo ukitoka sehemu ya kiume ya ua ukafika sehemu ya kike, mbegu hutungwa na tunda hushika. Kitendo hicho ndicho uchavushaji. Mahindi na mivinje husaidiwa na upepo. Mimea mingine mingi haiutegemei upepo, kwa hivyo hualika wageni kwa rangi, kwa harufu na kwa mbochi, yaani yale maji matamu yaliyo ndani ya ua. Mgeni hula, hupakwa unga mwilini, kisha huenda nao ua la pili. Yeye hajui kwamba ametumwa. Aona amekula tu.

WAGENI NA ZAMU ZAO

Wageni hawa hawaji wote saa moja. Wana zamu kama mabawabu.

Asubuhi na mapema ni zamu ya nyuki. Chukua mfano wa mboga. Shina moja lina maua ya dume na maua ya jike mbalimbali, nayo hufunguka alfajiri na kufikia adhuhuri yamesinyaa. Nyuki asipopita asubuhi hiyo, kile kiboga kidogo kilicho nyuma ya ua la jike huwa manjano kikaanguka. Mchana jua likikolea huja vipepeo, na pia chozi, yule ndege mdogo mwenye mdomo mrefu uliopinda. Maua ya mwembe hutembelewa sana na nzi. Naam, nzi! Ukila embe ngowe, mkumbuke na yeye.

Magharibi huingia nondo. Mnajua kwamba kuna mpapai dume na mpapai jike. Mtaalamu Mkenya wa wadudu, Dino Martins, pamoja na mwenzake, walichunguza mipapai hapa nchini, na mwaka 2009 wakaeleza kwamba nondo wenye mbio ndio wanaobeba chavua kutoka dume hadi jike, na kwamba nondo hao wahitaji vichaka na misitu iliyo karibu. Usiku ni zamu ya popo. Mibuyu ile ya Mama Ngina, ambapo watu huenda kupunga upepo na kula mihogo, hufungua maua yake meupe jioni, na popo wa matunda huyafuata gizani sisi tukiwa tumelala.

KISA CHA MPASHENI

Sasa niwape mfano nilioushuhudia. Bibi yangu anakaa Mji wa Kale, si mbali na Ndia Kuu. Juu ya paa la saruji ana mapipa mawili yaliyopandwa mipasheni, ile ya matunda ya manjano, ambayo pia huitwa mikarakara. Matunda huyakamua, akagandisha barafu, akawauzia watoto watokao chuoni. Pesa zenyewe si nyingi, lakini nauli yangu ya kuja shule hutoka humo.

Mwaka jana mipasheni ilichanua ikapendeza, lakini matunda yalikuwa ya kuhesabu kwa vidole. Bibi alisema ni jicho la hasidi. Mjomba alisema ni mbolea. Mwalimu wetu wa Bayolojia aliniuliza swali moja tu: "Umewaona nyuki?"

Nikapanda juu mwisho wa juma nikaketi kivulini kutazama. Nyuki wa asali walikuja, wakanyonya, wakaenda zao bila hata kuigusa chavua. Ua la pasheni ni pana, na sehemu zake za uzazi zimeinuka juu kama taa ya dari, kwa hivyo mdudu mdogo hupita chini yake. Anayeenea hasa ni yule nyuki mkubwa mweusi avumaye kama pikipiki, ambaye hutoboa mbao. Akiingia kunyonya, mgongo wake ndio unaopakwa unga. Tena ua la pasheni ya manjano hufunguka adhuhuri, na likifunga usiku halifunguki tena. Nyuki ana alasiri moja tu! Na chavua ya shina lile lile haifai. Sharti itoke shina jingine. Ndiyo sababu ya mapipa kuwa mawili.

Siku zile mbili sikumwona nyuki mkubwa hata mmoja. Kisa na maana? Nyuki huyo huchimba matundu ya mviringo katika mbao kavu, na Mji wa Kale mbao ndizo fahari yetu: roshani, boriti, milango ya nakshi. Mwenye nyumba akikasirika ana haki. Basi mafundi walipokuja kutengeneza roshani za mtaani, matundu yote yalitiwa dawa yakazibwa. Mbao zilipona, lakini pasheni zikakosa mposaji.

Tuliamua kuifanya kazi yake wenyewe. Kila siku saa tisa mchana nilichukua brashi ndogo ya rangi, nikapangusa chavua ya pipa hili nikaipeleka kwenye maua ya pipa lile. Maua mengi niliyoyagusa yalishika, na mengi niliyoyaacha yalianguka. Lakini ni kazi, jamani! Siku niliyochelewa mazoezi ya kandanda, maua ya siku hiyo yalikwisha.

Hivyo ndivyo wanavyofanya wakulima wa vanila. Vanila asili yake ni Meksiko. Ilipoletwa kwenye visiwa vya Bahari yetu ya Hindi ilichanua bila kuzaa, kwa maana wadudu wa kwao hawakuja nayo. Mwaka 1841 katika kisiwa cha Réunion, mtoto mtumwa wa miaka 12, Edmond Albius, aligundua namna ya kuichavusha kwa kijiti na kidole gumba. Hadi leo, Bukini, Komoro na Uganda, vanila huchavushwa kwa mkono, ua moja moja, na hiyo ni sababu mojawapo ya bei yake kuwa ghali. Kazi hiyo nyuki huifanya bure.

Mwaka huu tumejaribu suluhu. Kwenye pembe ya paa, mbali na boriti, tumefunga mianzi mikavu na kipande cha gogo laini. Mwezi uliopita nilikuta tundu la mviringo kwenye gogo na unga wa mbao chini yake. Nilipomwita Bibi aje aone, alitazama akasema, "Muwate, mjukuu wangu, naye yuwatafuta riziki yake." Maua ya mwaka huu ndiyo kwanza yanafunguka, kwa hiyo matokeo bado tunayangoja.

PUA NA TUMBO

Mtaniambia kwamba Mji wa Kale haujapungukiwa na maua. Kuna asumini, kuna vilua, kuna mrehani. Kweli, lakini fikirini tunavyoyatumia. Asumini huchumwa alasiri ingali matumba, ili ifunguke usiku kwenye kikuba au kwenye nywele za bi harusi. Kilua huchumwa mara kinaponukia. Mrehani hukatwa vichwa usichanue, ili utoe majani mengi. Sisi twayapenda maua kwa pua, ilhali nyuki huyapenda kwa tumbo, na tukishachuma yote, tumbo lake hubaki tupu.

Sisemi tuache vikuba. Mila ni yetu na harufu ni tamu. Nasema tumgawie mgeni fungu lake. Katika shina la mrehani, acha matawi mawili matatu yachanue. Vile viua vidogo vyeupe vitajaa nyuki asubuhi yote, wakiwamo nyuki wadogo wasiouma ambao wengi wetu huwadhania ni nzi.

APENDAYE KIPEPEO AMVUMILIE KIWAVI

Kila mtu humsifu kipepeo, na kila mtu humponda kiwavi. Kumbe ni yule yule! Kipepeo mkubwa mweusi mwenye mabaka ya manjano tumwonaye mjini hutaga mayai yake juu ya majani ya mlimau na mndimu. Kiwavi akiwa mchanga hufanana na kinyesi cha ndege, jambo linalomwepusha na maadui. Akikua huwa kijani kama jani. Ukimgusa hutoa pembe mbili laini nyuma ya kichwa zenye harufu kali. Baadaye hujifunga kitawini ndani ya ganda, na hapo huitwa pupa. Kisha ganda hupasuka akatoka kipepeo.

Kwa hivyo bustani ya vipepeo haitoshi kuwa na maua peke yake. Lazima iwe pia na majani ya kuliwa na watoto wao. Ukiwa na mlimau mmoja mdogo debeni, viwavi kumi wataumaliza. Bakisha wawili, wengine uwahamishie mti mkubwa.

Wako watu wanaopata riziki kwa elimu hii. Ukishika barabara ya Malindi hadi Gede, utakuta Mradi wa Kipepeo ulioanzishwa mwaka 1993. Wakulima wanaopakana na msitu wa Arabuko-Sokoke hufuga viwavi kwa majani ya miti ya msituni, na pupa wao huuzwa ng'ambo kwenye nyumba za maonyesho ya vipepeo. Msitu ukikatwa hakuna majani, na bila majani hakuna pupa wala pesa. Kwa hivyo mkulima ana sababu ya kuulinda.

JINSI YA KUANZA

1. Tafuta debe, ndoo au pipa. Toboa matundu chini ili maji yasituame mizizini. Tia udongo uliochanganywa na samadi iliyooza.

2. Panda vya kula na vya kunukia pamoja: mrehani, pasheni, mlimau, mboga, biringani. Biringani nayo ina siri yake. Chavua yake imefungiwa ndani ya vijibomba, na haimwagiki vizuri mpaka nyuki alishike ua na kulitikisa kwa mvumo wa mwili wake. Nyuki wa asali hawezi mtikiso huo, ila yule mkubwa mweusi aweza.

3. Yapange madebe yawe karibu karibu, ili mgeni asipoteze nguvu akitafuta debe moja huku na jingine kule.

4. Mwagilia jioni wakati wa kaskazi, maana jua la miezi hiyo huunguza debe upesi kuliko shamba.

5. Usinyunyize dawa ya wadudu juu ya maua yaliyofunguka. Viwavi waokote kwa mkono. Vidukari waoshe kwa maji ya sabuni.

6. Weka kisahani cha maji chenye vijiwe vya kutua nyuki. Lakini maji hayo yamwage na uyabadilishe kila siku! Tusisahau mlipuko wa chikungunya uliotupata Mombasa kuanzia mwishoni mwa 2017 hadi 2018. Mbu wa maradhi hayo huzaliana kwenye maji yaliyotuama majumbani.

7. Mzinga wa nyuki wa asali usiuweke juu ya nyumba za watu. Nyuki wetu ni wakali, na vichochoroni hakuna pa kukimbilia. Kundi likitua ukutani, msilichome moto. Wazuieni watoto na mumwite mtu anayeijua kazi hiyo.

TAMATI

Wahenga walisema fuata nyuki ule asali. Mimi naongeza kwamba hata asiyekula asali anamfuata nyuki bila kujua, kwa maana boga la futari, embe la achari na pasheni ya barafu vyote vimepitia mkononi mwake na mwa jamaa zake. Kwa hivyo naliomba darasa letu jambo moja. Nyuma ya maabara pana ukuta mrefu unaopigwa na jua kutwa. Kila mmoja wetu akileta debe moja kabla ya mvua za vuli, tutakuwa na bustani, na wadogo zetu watakuwa na mahali pa kusomea sura hii badala ya kuichora ubaoni. Haba na haba hujaza kibaba.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Kwa nini mpasheni mmoja peke yake debeni huenda usizae?
2. Taja wageni wawili wa maua wanaofanya kazi baada ya jua kuchwa, na mti ambao kila mmoja huutembelea.
3. Mwenye nyumba ataka boriti zake zisitobolewe, na jirani yake ataka pasheni. Wapatanishe.
4. Tunga sentensi mbili ukitumia maneno *chavua* na *mbochi*.