Kufundisha Hali za Data kwa Mfano wa Bei za Samaki

Mwalimu wa TypeScript, lugha ya programu iliyotolewa na kampuni ya Microsoft mwaka 2012, yampasa aanze na jambo walijualo wanafunzi. Tuseme darasa limepewa kazi ya kutunga ukurasa wa simu uonyeshao bei za samaki walioshushwa ufukweni Moa. Wengi huanza na orodha tupu, kisha huomba bei kutoka kwenye seva. Mtandao ukikatika, orodha hubaki tupu, na mchuuzi aliye Tanga mjini husoma kwamba leo hapana samaki. Hafungi safari, kumbe ngalawa zimejaa changu na tasi.

Basi kabla ya kugusa kompyuta, tuwaagize waandike ubaoni hali nne: ombi halijatumwa, jibu langojewa, jibu limefika, ombi limeshindwa. Kila hali ibebe alama yake, na bei ziwemo katika ile ya tatu tu. Hapo TypeScript yenyewe itaukataa msimbo usomao bei bila kwanza kuitazama alama.

Gumu zaidi ni hili: aina hizo hufutwa msimbo ugeuzwapo kuwa JavaScript, wala hazimkagui mgeni abishaye hodi. Seva ikileta maneno mahali pa tarakimu, yatapita. Ukaguzi uandikwe mlangoni.

Tena, samaki aliyechaguliwa na msomaji ni mali ya ukurasa; bei ni nakala tu, nayo huchakaa. Tuwazoeze kuandika kando yake saa ilipopokewa.