Hadithi za Taharuki na za Ajabu Darasani: Msomaji Mdogo Hupenda Nini, Huchukia Nini?

Wanachuo wanaporudi kutoka mazoezi ya kufundisha, lalamiko huwa ni lile lile: watoto hawapendi kusoma. Tumelisikia mwaka baada ya mwaka, na bado hatujalikubali. Mtoto anayesinzia juu ya kitabu chake saa nne asubuhi ndiye huyo huyo ambaye jioni, uani kwa babu yake, hukataa kwenda kulala mpaka ajue kama fisi alimpata sungura. Hamu anayo. Yatupasa kuuliza ni kitu gani huiamsha, na ni kitu gani huizima.

Katika makala haya twachunguza aina mbili za hadithi. Ya kwanza ni ile ya upelelezi na hatari, ambayo humvuta msomaji kwa taharuki. Ya pili ni ile ya ajabu, yenye majini, mazimwi na nchi zisizokuwako. Tumezichagua kwa kuwa ndizo walimu wengi huziogopa. Baadhi yao huziona za kipuuzi, na wengine husema kuwa zinaharibu watoto. Tuliona heri tuwasikilize kwanza wasomaji wenyewe.

Katika shule moja ya msingi, si mbali na mji wa Dodoma, tuliwaomba wanachuo wawili walisomee darasa la tano hadithi fupi kila siku kwa majuma matatu. Walitakiwa kukatisha masimulizi mahali penye shaka, na kuuliza swali moja tu: "Sasa mnataka kujua nini?" Tuliwakataza kuuliza fundisho la hadithi. Katazo hilo liliwasumbua kuliko yote, kwani walimu tumezoea kulikimbilia fundisho kama mbuzi anavyolikimbilia zizi mvua ikinyesha.

Jambo la kwanza tuliloliona ni kwamba mtoto hufurahi mno anapojua jambo ambalo mhusika halijui. Msimulizi alipoeleza kuwa fisi amejibanza nyuma ya mbuyu, na sungura anakuja akiimba, darasa zima lilinyamaza. Kisha mvulana mmoja akapaza sauti kwa Kigogo, akimtahadharisha sungura ageuke nyuma. Alisahau kuwa yumo darasani. Hatukumkemea, maana kwa sauti ile moja alitufafanulia taharuki vizuri kuliko vitabu vingi vya nadharia. Taharuki haitokani na bastola wala makelele. Hutokana na kujua kwamba hatari ipo, bila kujua itafika lini. Hadithi iliyojaa mapigano toka mwanzo hadi mwisho iliwachosha upesi. Siku ya pili walianza kuchezea penseli.

Jambo la pili ni fumbo. Watoto hupenda kutangulia kulifumbua. Hiyo ndiyo siri ya Bwana Msa, mpelelezi wa Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar, mwenye kiko chake na rafiki yake Najum. Riwaya ya kwanza ya Bwana Msa, Mzimu wa Watu wa Kale, ilishinda mashindano ya uandishi ya 1957 hadi 1958, ikachapishwa mwaka 1960. Watu wanauogopa mzimu. Bwana Msa yeye anatafuta alama, anauliza maswali, anapima maneno ya kila mtu. Lugha yake ni pana kwa darasa la tano, lakini mwalimu aweza kuisimulia sura moja kwa maneno mepesi na kuwaachia watoto dalili wazipange wenyewe. Kuhusu Willy Gamba wa Elvis Musiba, aliyeanza kusomwa kwa wingi katika Kufa na Kupona (1974), hatumpeleki katika shule ya msingi. Ulevi na mauaji yake ni ya watu wazima. Hata hivyo, mwanachuo na amsome ajionee jinsi sura inavyokatizwa ili msomaji asiweze kukiweka kitabu chini. Ufundi huo unaazimika.

Sasa tuje kwenye chuki, ambayo ilitufunza zaidi. Watoto walichukia kudanganywa. Hadithi moja ilimweka msichana juu ya mti, simba chini, usiku unaingia. Darasa likatoa njia nyingi za kumwokoa. Kisha mwandishi akaandika kwamba msichana aliamka, kumbe ilikuwa ndoto. Manung'uniko yalikuwa makubwa hata mwalimu wa darasa la jirani alikuja kuchungulia. Katika hadithi nyingine jini lisilotajwa hata mara moja lilitokea ukurasa wa mwisho likamaliza matata yote. Mwanafunzi mmoja aliuliza, "Kama lilikuwapo, mbona halikuja mapema?" Hatukuwa na jibu, na mwandishi naye hakuwa nalo.

Wengi hudhani kuwa katika hadithi ya ajabu lolote laweza kutokea. La. Ajabu nayo ina sheria, na mtoto huishika sheria hiyo kwa ukali kama anavyoshika sheria ya kombolela. Linganisha na Adili na Nduguze ya Shaaban Robert, iliyotoka mwaka 1952. Ndugu wawili waovu wamegeuzwa manyani, na Adili analazimika kuwapiga kila usiku ingawa moyo wake hautaki. Uchawi ule una sharti, na sharti lina maumivu. Tulipowasimulia, hakuna mtoto aliyeuliza kama binadamu aweza kuwa nyani. Waliuliza kama Adili naye analia. Vivyo hivyo katika Kusadikika (1951), nchi yenyewe inaelea angani, lakini mtu akishitakiwa huko hana budi kujitetea mbele ya baraza, sawa na mtu wa duniani. Msomaji hukubali nchi ielee, maadamu haki na dhuluma za humo anazitambua.

Imebaki habari ambayo hatupendi kuieleza, lakini bila hiyo makala haya yangekuwa ya uongo. Katika juma la pili mwanachuo alisoma hadithi ya kikongwe mchawi, mwenye macho mekundu, anayepanda fisi usiku. Imani ya kupanda fisi inajulikana katika sehemu nyingi za nchi yetu, na watoto waliitambua mara moja. Ghafla mmoja akasema, "Kama bibi yake fulani." Darasa zima likageuka kumtazama msichana mmoja wa dawati la dirishani. Mwanachuo aliduwaa. Nasi tuliokuwa tumeketi nyuma na karatasi ya tathmini hatukusema neno. Tuliandika kwamba usomaji ulikuwa na sauti nzuri. Kesho yake msichana hakuja shuleni. Kesho kutwa pia.

Jambo hilo si dogo. Katika miaka ya 1980 na 1990, hasa Usukumani, vikongwe wengi waliuawa kwa kudhaniwa wachawi, na macho mekundu yalihesabiwa kuwa dalili. Kumbe macho hayo ni kazi ya moshi wa kuni, miaka hamsini jikoni. Hadithi haikuanzisha imani hiyo, lakini mwalimu anayeisoma bila kuipima anaipa muhuri wa shule.

Tulijadiliana usiku ule. Mwanachuo mmoja alitaka hadithi zote za ajabu ziondolewe. Hatukukubali, kwa kuwa hofu iliyofungiwa nje ya darasa huendelea kuishi uani bila mwalimu wa kuihoji. Badala yake tuliazima njia ya Bwana Msa. Somo lililofuata, mwanachuo alirudia hadithi ile ile, kisha akawataka wanafunzi wawe wapelelezi: Nani amemwona kikongwe akimpanda fisi? Aliyesema ameambiwa, aliambiwa na nani? Ubaoni safu ya "nimeona" ilibaki tupu, na safu ya "nimesikia" ikajaa. Halafu akauliza ni nani ambaye macho yake huwa mekundu akitoka kupika. Karibu mikono yote ya wasichana ilipanda, na ya wavulana wachache. Msichana yule alirudi siku ya tatu. Hatuwezi kudai kwamba bibi yake ametendewa haki kijijini; somo moja halifiki huko. Tunajua tu kwamba siku hiyo alinyoosha mkono pamoja na wenzake.

Kwa mwanachuo atakayejaribu, twashauri haya. Soma hadithi yote peke yako usiku uliotangulia, na ujiulize adui wake ni nani: je, ana sura ya mtu dhaifu aliyeko kijijini hapo, kikongwe, kilema au mgeni? Kama ndivyo, badili adui au andaa maswali ya upelelezi kabla hujaingia darasani, usingoje kuduwaa kama tulivyoduwaa sisi. Tia alama ya penseli mahali pawili pa kukatisha, na mmoja uwe dakika tatu kabla ya kipindi kwisha. Acha watoto wabashiri kwa mdomo kwanza, hata kwa lugha ya nyumbani, kisha waandike sentensi mbili kwa Kiswahili. Ubashiri usio sawa usiusahihishe, mwandishi atausahihisha. Katika andalio la somo, mahali pa fundisho, andika swali.

Kengele ikilia, funga kitabu. Wakikuzunguka kuuliza kilichotokea, waambie kitabu kitakuwa juu ya meza yako wakati wa mapumziko, na ukumbuke kukiacha hapo.