Kurekodi simu ya mwenzio: idhini ni ya nani?

Wiki mbili zilizopita, baada ya swala ya Isha, kijana mmoja wa mtaani kwetu alikuja barazani na simu mkononi, akaongeza sauti, akatutaka tusikilize. Yalikuwa ni mazungumzo yake na mwenye nyumba wake. Mzee huyo alipokea kodi ya miezi sita bila ya kutoa risiti, kisha akakana. Katika simu ile, bila ya kujua kwamba anarekodiwa, alikiri kuwa fedha alizipokea. Tukatikisa vichwa, haki imedhihiri! Lakini kijana hakuizima. Mazungumzo yakaendelea, na mzee akaanza kueleza fedha zile zilikwenda wapi, akataja maradhi ya mkewe na mambo mengine ambayo mtu hamwelezi ila aliyemwamini. Hapo baadhi yetu tukainamisha macho.

Ndugu msomaji, je, kijana yule alikosea? Na kama alikosea, ni pale alipobonyeza kitufe cha kurekodi, au ni pale alipotufungulia sisi?

Wamarekani wamebishana juu ya suala hili mahakamani kwa karibu karne nzima, na si vibaya tukatazama walikofikia. Mwaka 1928, katika kesi ya Roy Olmstead, mfanyabiashara wa magendo ya pombe kule Seattle, Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwa kura 5 dhidi ya 4 kwamba maofisa wa serikali walionasa simu zake kwa kuunganisha nyaya zao nje hawakuvunja katiba, kwa vile hawakuingia ndani ya nyumba. Ni sawa na kusema kwamba madhali mwizi hakuvuka kizingiti, basi hakuiba kitu. Ilichukua takriban miaka 40 kuliondoa kosa hilo. Mwaka 1967 Charles Katz, aliyekuwa akipeleka taarifa za kamari kwa kutumia simu ya kulipia kibandani mjini Los Angeles, alishinda kesi yake, kwa sababu makachero wa FBI walibandika chombo cha kunasa sauti nje ya kibanda kile bila ya hati ya mahakama. Mahakama ikaona kuwa anayelindwa na katiba ni mtu mwenyewe, hata akiwa kibandani barabarani.

Mwaka uliofuata, 1968, Bunge lao likatunga sheria. Sheria hiyo inamkataza mtu wa tatu kunasa mazungumzo ya wengine, lakini inasema kwamba mmoja wa wanaozungumza akiridhia, inatosha. Na huyo mmoja anaweza kuwa ndiye huyo huyo anayerekodi! Mpaka uliowekwa ni kwamba asirekodi kwa nia ya kutenda jinai au dhulma, mathalani kumtishia mwenzake ili atoe fedha. Hii ndiyo wanayoiita idhini ya upande mmoja, na majimbo kama New York na Texas yanaifuata. Majimbo mengine, yakiwemo California, Maryland na Pennsylvania, yamekaza zaidi na kudai idhini ya pande zote. Kule California, mbali ya adhabu ya jinai, aliyerekodiwa kwa siri katika mazungumzo ya faragha anaweza kudai dola 5,000 kwa kila kosa, hata kama hakupata hasara yoyote.

Tofauti hii si ya makaratasi tu. Kuanzia mwaka 1997 Linda Tripp, mtumishi wa serikali, alikuwa akizirekodi simu za rafiki yake Monica Lewinsky, binti aliyemsimulia siri zake na Rais Bill Clinton. Januari 1998 kanda zile zilifika kwa mwendesha mashitaka Kenneth Starr, na Desemba ya mwaka huo Rais akashitakiwa na Baraza la Wawakilishi. Baraza la Seneti lilimwachia mwaka 1999. Lakini Tripp naye hakusalimika. Lau angekuwa anaishi Washington, ambako idhini ya mmoja yatosha, asingekuwa na kesi ya kujibu. Kumbe nyumba yake ilikuwa Columbia, Maryland, mwendo mfupi tu wa gari. Mwaka 1999 akashitakiwa huko, na kesi ikafutwa mwaka 2000 kwa sababu za kiushahidi. Wenye ndugu zao Maryland nadhani wamenielewa.

Simu ikivuka mpaka je? Mwaka 2006 Mahakama ya Juu ya California ilitoa jibu lake. Ofisi ya udalali wa hisa iliyokuwa Atlanta, Georgia, ambako idhini ya upande mmoja inatosha, ilikuwa ikirekodi simu za wateja wa California bila ya kuwaarifu. Mahakama ikasema sheria ya California ndiyo itakayowalinda wateja hao tangu hapo na kuendelea. Ndiyo faida ya ile sauti inayokuambia kwamba mazungumzo yako yanaweza kurekodiwa. Ukishaisikia na ukaendelea kuzungumza, umehesabiwa kuwa umeridhia.

Kuna jambo moja ambalo hata majimbo yenye sheria laini hayalikubali, nalo ni mtu wa tatu. Mume anayetega chombo katika simu ya nyumbani ili anase mazungumzo ya mkewe na watu wengine si mmoja wa wazungumzaji. Mahakama nyingi za huko zimekataa hoja kwamba ndoa inampa ruhusa. Nasi hatuhitaji kwenda Marekani kulijua hilo. Surat al-Hujurat, aya ya 12, imekataza kupelelezana. Na iko hadithi iliyopokewa na Abu Dawud na Tirmidhi, kwamba mtu akizungumza jambo huku akigeuka kutazama asisikiwe, basi mazungumzo hayo ni amana. Hakusema "usimwambie mtu". Kule kugeuka kwake tu kunatosha.

Hapa Tanzania, Ibara ya 16 ya Katiba inayalinda mawasiliano binafsi ya mtu. Papo hapo, Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inaruhusu ushahidi wa kielektroniki kupokelewa mahakamani, na hakimu huangalia ulivyotengenezwa na ulivyohifadhiwa. Binafsi sioni ubaya wa mnyonge asiye na risiti kujihifadhia neno aliloambiwa yeye mwenyewe. Mwenye nyumba ana mkataba, ana funguo na ana jina mtaani, na mpangaji hana ila sikio lake. Lakini kanda ya kumpelekea hakimu si kanda ya kusikilizisha baraza, achilia mbali kuirusha kwenye makundi ya WhatsApp.

Tulipomweleza hayo, kijana aliuliza kwa unyonge, "Sasa niifute, mzee wangu?" Nikamwambia asiifute na wala asiikatekate. Aiache kama ilivyo na ampelekee mwanasheria, na huko njiani asimfungulie mtu. Akaitia simu mfukoni. Ila mke wa yule mzee tayari watu saba tunayajua maradhi yake, na kesho yake alfajiri nilipokutana na mumewe msikitini sikujua nimuulizie hali yake au ninyamaze.